Buni ya Mama, Kopo la Mama Mwalimu

Buni mbichi ikianza kupata moto hainukii kahawa. Hunukia kwanza majani yaliyolowa, kisha mahindi yaliyochomwa kabla ya kukomaa, kisha kwa muda mfupi hunukia mkate, na ni baada ya hapo tu ndipo inapoanza kupanda ile harufu ambayo kila mtu anaijua. Niliujua mpangilio huo kabla sijajua kusoma, nikiwa nimechuchumaa jikoni kwetu Endasak, mahali ambapo upepo wa mlimani hushuka asubuhi na kupenya ukuta wa miti na udongo kana kwamba ukuta haupo. Mama yangu hakuwa na kikaango. Alikaangia kwenye kigae, kipande kipana cha chungu kilichovunjika kabla sijazaliwa, naye alikoroga kwa gunzi la mahindi, kwa kuwa aliamini kwamba kijiko cha chuma huikwaruza buni. Kuni zikiwa zimenyeshewa, aliongezea vipande vya samadi kavu kutoka zizini. Nalitaja jambo hilo mapema ili nisije nikaonekana nimelificha.

"Kahawa huiangalii, Martha," aliniambia. "Unaisikiliza." Na kweli buni huzungumza mara mbili. Mara ya kwanza hupasuka kwa sauti kavu, kama vijiti vinavyokanyagwa, kisha hunyamaza, kisha huanza tena, safari hii kwa sauti ndogo na ya haraka. Mama aliipua katikati ya ule ukimya. Akiisha kuipua, aliimwaga kwenye ungo na kutoka nayo nje mbio, akaipepeta upepo uchukue makapi na kuipoza kabla haijajiunguza kwa joto lake yenyewe. Kulikuwa daima na punje chache nyeusi kupita kiasi na nyingine zilizobaki na rangi ya udongo. Alizichambua moja moja, na zile alizozikataa tulizinywa sisi. Zile nzuri hazikuwa zetu. Zilikuwa za sikukuu ya mavuno.

Lazima nieleze kahawa hiyo ilikuwa na maana gani kwake. Mama yangu hakujua kusoma, hakuwa na sauti ya kwaya, wala hakuwahi kuchaguliwa kwenye kamati yoyote ya kanisa. Miche sita ya mibuni nyuma ya nyumba, kati ya migomba, ndiyo iliyompa jina. Mara moja kwa mwaka, mahindi yakiwa ghalani na watu wakiwa wameleta sadaka zao madhabahuni, mzee wa kanisa alisimama na kusema, "Baada ya ibada tutapata kahawa ya Mama Martha," na kila kichwa kiligeuka kumtazama mwanamke yule aliyekaa benchi la nyuma. Siku hiyo moja alimimina kwa mkono wake mwenyewe, akaketi meza moja na wageni. Siku nyingine zote za mwaka alikuwa mtu wa kupishwa njiani bila kuangaliwa.

Mwaka niliotimiza miaka kumi na miwili alihamishiwa kwetu mwalimu mkuu mpya kutoka mkoa wa mbali, na mke wake, ambaye sote tulimwita Mama Mwalimu, akaingizwa kwenye kamati ya akina mama kabla hajamaliza kufungua mizigo yake. Alikuwa na kopo la bati jekundu, na ndani yake kahawa iliyokaangwa na kusagwa kwa mashine, unga laini na mweusi kama masizi. Kwenye kikao cha maandalizi Mama alikuja na birika lake, kama ilivyokuwa desturi, ili kamati ionje. Mama Mwalimu alinusa kikombe, akagusa kwa midomo, akakiweka chini.

"Dada yangu," alisema, kwa upole uliosikika chumba kizima, "hii ina harufu ya zizi. Wageni wanaotoka mjini hatuwezi kuwapa hii."

Kisha mmoja akacheka, na mwingine akasema, "Na sisi tulioinywa miaka yote tumekuwa ndama?" na chumba kizima kikacheka. Sikuwahi kuwasamehe kwa kicheko hicho, maana walikuwa wanawake walewale ambao kila mwaka walinyoosha vikombe waongezewe. Mama hakujitetea. Alisema, "Sawa, Mama Mwalimu," akamimina kahawa yake nje kwenye majani, na akakubali kazi aliyopangiwa badala yake: kuosha vikombe.

Nilikipanga kisasi changu kwa utulivu ambao hata leo unanishangaza. Nilidhani siri ya lile kopo ilikuwa weusi wake. Jumamosi mchana, siku moja kabla ya sikukuu, Mama akiwa shambani, nilishusha kibuyu alichohifadhia buni bora ya mwaka ule, nikakoka moto mkubwa, nikaikaanga. Iliposema mara ya kwanza nikaendelea. Iliposema mara ya pili nikaendelea, hadi ikanyamaza kabisa, ikatoa mafuta na moshi wa buluu ulionitoa machozi. Nikaitwanga kwenye kinu na kuichekecha kwa kipande cha khanga. Jumapili asubuhi, wakati wa wimbo wa kwanza, niliingia jiko la kanisa, nikamwaga unga wa Mama Mwalimu kwenye shimo la majivu, nikajaza kopo lake makaa yangu.

Ilikwenda kama nilivyotaka, na bora zaidi. Mgeni wa heshima alipiga funda moja, akakirudisha kikombe kwenye kisahani taratibu, kama mtu anayeweka chini mtoto aliyelala. Wazee wakatazamana. Mama Mwalimu alionja, na niliona shingo yake ikibadilika rangi. Yule aliyeuliza habari za ndama, maana watu wa aina yake hawana upande, akasema, "Mama Mwalimu, kumbe na mashine huunguza?" Kicheko kikaanza kwenye meza ya nyuma na kikawa kinakuja mbele. Nilisimama mlangoni nikikisikiliza kama Mama alivyosikiliza buni.

Ndipo Mama aliponyanyua kichwa kutoka kwenye beseni la vyombo. Alivuta pumzi mara moja tu. Hakuna mtu mwingine duniani ambaye angeijua buni ile chini ya ule uunguaji, lakini yeye aliijua. Akanitazama mimi, si kopo. Akakausha mikono kwa kitenge, akaenda mezani, akajimiminia kikombe kilichojaa na kukinywa chote akiwa amesimama.

"Imekolea tu," aliwaambia. "Kuna watu huinunua hivi kwa makusudi. Niongezeeni." Akanywa cha pili.

Kicheko kikafa. Mgeni, kwa aibu, akamaliza chake. Mama Mwalimu aliokolewa mbele ya macho yangu na mtu ambaye yeye mwenyewe alimdhalilisha, na hakusema hata asante. Mwaka uliofuata alileta makopo mawili. Mama alirudi kwenye beseni la vikombe, na hakuna mzee wa kanisa aliyelitaja tena jina lake hadi siku ya mazishi yake. Kwangu mimi hakuinua fimbo. Tulipofika nyumbani alikishika kile kibuyu kitupu, akakitikisa karibu na sikio, akasema, "Umeunguza kahawa yangu." Adhabu hiyo ndiyo ninayoitumikia mpaka sasa, na sehemu yake nimeihamishia kwa Mama Mwalimu.

Leo naishi Katesh, nafundisha, na rafu yangu ina vitabu vingi vinavyohimiza msamaha. Baadhi nimevisoma mara mbili, nikapiga mistari kwa kalamu chini ya sentensi ambazo sikubaliani nazo. Mjini hapa siku hizi zinauzwa pakiti za kahawa iliyokaangwa na wataalamu, na nitakuwa mwongo nikisema ni mbaya. Punje zake zina rangi moja, hazina makapi yanayobaki kooni, na pakiti ya mwezi huu haitofautiani na ya mwezi uliopita. Ya kigae haikuwahi kufanana mara mbili; ilibeba kuni za siku ile, unyevu wa siku ile, na uchovu wa mkono uliokoroga. Ninapopima kwa haki, ya dukani hushinda mara nyingi. Hata hivyo kila Jumamosi nakaanga yangu, kwa kigae na gunzi, na nyumba nzima hunukia hadi barabarani.

Na kila Jumamosi Mama Mwalimu, ambaye siku hizi naye anaishi hapa Katesh, huja. Amezeeka, ni mjane, hatembei bila mkongojo, na watoto wake wako mbali. Namwamkia shikamoo kwa heshima zote, namwekea mto mgongoni, kisha namtengenezea kahawa ya pakiti. Kwa miaka mitatu ameinywa bila neno. Jumamosi iliyopita alishika kikombe bila kukiinua.

"Martha, mwanangu. Nyumba inanukia kahawa ya mama yako."

"Ndiyo, Mama. Nimekaanga asubuhi hii."

"Na hii?"

"Hiyo ni ya mashine. Ile yetu ina harufu ya zizi. Wageni hatuwapi."

Aliangalia ndani ya kikombe kwa muda mrefu. Sikujua kama angelia, na nakiri kwamba nilingojea. Badala yake alikinywa chote, polepole, akakinyoosha kwangu. "Niongezee," alisema.

Lilikuwa neno la mama yangu, na yeye alijua hivyo. Kigae kilikuwa jikoni, hatua saba kutoka kwenye kiti changu, buni ikiwa bado na joto kwenye ungo. Mama angekwenda kuileta. Kahawa ya dukani imeboreka sana tangu enzi za lile kopo jekundu. Mimi sijaboreka kiasi hicho. Nilimmiminia kutoka kwenye birika lilelile la kahawa ya pakiti, nikampa kwa mikono miwili kama adabu inavyotaka. Jumamosi hii atakuja tena, na pakiti bado imejaa nusu.