Mto wa Mawifi Wawili

Gaudensia alianza kutengeneza mito kabla hajaanza shule. Kijijini kwao, kwenye rasi inayoingia ziwani, alikuwa akichota maji kwa kopo na kuyamwaga mchangani, halafu anayachimbia njia kwa kidole, hapa yakate kona, pale yatulie kidogo, mpaka mama yake achoke kumwita. Mama alipofariki, yeye ndiye aliyemlea mdogo wake Gasper. Mtoto akigoma kula, dawa ilikuwa moja tu: achimbiwe mto kwenye ugali, mchuzi upite.

Sasa ni mtu mzima. Anauza dagaa soko la Mwigobero, mjini Musoma, na sauti yake huwa inafika kwa mteja kabla yeye mwenyewe hajafika. Kila mtu pale anaujua ulimi wake. Wachache sana wanajua kwamba jioni, kwenye nyumba ya Gasper mtaa wa Mukendo anakoishi, huwa ananawa mikono, anaondoa harufu ya dagaa kwa limau, na kukaa kutengeneza mto.

Mito hiyo ni ya mchezo. Gasper ni fundi wa boti za faiba, na siku moja aliona kwenye simu watu wakipigana vita juu ya meza. Alipenda mpaka akaanza kuyeyusha vile vipande vya risasi vinavyozamisha nyavu, akamimina askari wadogo, kila mmoja urefu wa kiungo cha kidole. Wachezaji wanasimama pande mbili za meza, wanarusha dadu, wanapima kwa futi kamba askari asogee umbali gani, na vita inapiganwa kwa adabu mpaka mmoja akubali kushindwa. Lakini meza lazima iwe na nchi. Iwe na vilima, vijiji, na zaidi ya vyote mto, maana askari akiingia majini mwendo wake unakatwa nusu, na hapo ndipo wenye akili wanapojulikana. Bila mto, Gasper alikuwa akisema, ni watu wanasukumana tu kama foleni ya maji.

Basi dada akamtengenezea mto. Alikata plaiwudi, akainua kingo kwa zile sponji nyeupe ngumu zinazokuja na friji mpya, akapaka gundi na kunyunyizia mchanga uliochekechwa na maranda aliyoyatia rangi ya kijani. Nyuzi za katani zikawa matete. Mwisho akamimina rezini ileile ya kuzibia boti, pamoja na dawa yake ya kugandisha, tabaka jembamba juu ya jingine. Ilipokauka, ungeapa kwamba ukigusa utalowa. Wageni walikuwa wakigusa kweli. "Hiyo kazi ya dada," Gasper alikuwa akiwaambia, na Gaudensia aliyekuwa pembeni alijifanya anachambua mchele. Mchele wenyewe ulishakuwa safi tangu asubuhi.

Halafu Gasper akaoa.

Sara alitoka Bunda, kwenye ukoo wa pamba na ng'ombe, fundi cherehani, mpole, mkono mwepesi. Wiki za kwanza aliutazama tu mto. Siku moja akauliza, bila ubaya wowote, "Wifi, mbona maji yako ni ya bluu? Mto hauwagi hivi."

Gaudensia ni mtoto wa ziwa. Kila mto aliowahi kutengeneza alikuwa ameupaka rangi ya ziwa siku ya jua kali, na kuujaza viwimbi vya upepo wa ziwa, na katika miaka yote hiyo hakuna mtu aliyekuwa amemwambia kitu. Gasper alikuja, akainama, akatazama. "Kumbe kweli," alisema.

Hilo "kumbe kweli" lilimkaa Gaudensia kooni kama mwiba wa sato.

Baada ya hapo Sara naye akaanza kuchezea vipande vya plaiwudi vilivyobaki. Mto wake ulikuwa wa rangi ya chai ya maziwa, kama unavyokuwa mvua ikishanyesha huko juu. Ulikuwa na mchanga uliojilundika upande wa ndani wa kona, na ukingo umemomonyoka upande wa nje. Gasper alianza kuwahi kurudi kutoka kazini. Zamani akiingia alikuwa akiuliza, "Dada, umefikia wapi?" Siku hizi alisema, "Mmefikia wapi?" Ni herufi moja tu iliyobadilika, lakini Gaudensia alilala nayo.

Ndipo zikaja habari kwamba wachezaji wa Bunda na Butiama watakuja Musoma Jumamosi, mara ya kwanza wote kukutana meza moja. Ilitakiwa mto mkubwa. Gasper alitazama upande huu akaogopa, akatazama upande ule akaogopa, kisha akaamua kuugawa: dada atengeneze nusu ya juu, mke nusu ya chini, wakutane darajani. Gaudensia alikubali kwa mdomo.

Alimaliza mapema. Sara alichelewa kwa sababu ya sare za watu, akamimina tabaka la mwisho Ijumaa alasiri, na hadi jioni lilikuwa bado linanata. Na msimu ulikuwa ule ambao wadudu wa ziwani wanapanda kutoka majini kama moshi wa mapori yanayoungua, na wakiona taa tu, wote ni hapo. Sara alikuwa anawahi mazoezi ya kwaya. Alimwomba wifi yake jua likizama aufunike mto kwa chandarua, amekiacha kwenye kiti.

"Nenda tu," Gaudensia alimwambia.

Alikaa mlangoni. Aliuona moshi ule ukiinuka juu ya ziwa, ukipinda kuja mjini. Akainuka, akachukua chandarua, akausogelea mto. Hapo ndipo alipoona kitu ambacho hakuwa amekiona: kwenye ukingo mmoja Sara alikuwa ametengeneza pale ng'ombe wanaposhukia kunywa. Tope limekanyagwakanyagwa, na kwato zimechapwa mbilimbili kwa ncha ya kijiti cha kiberiti kilichopasuliwa, mamia ya kwato, mpaka majini. Ilikuwa nzuri. Ingekuwa mbaya, angeifunika.

Alikirudisha chandarua kwenye kiti, kimekunjwa vilevile. Akawasha taa. Kwani mtu asiwashe taa nyumbani kwao? Akatoka uani kuosha beseni ambalo halikuwa chafu.

Sara aliporudi, mto ulikuwa mweusi kwa wadudu waliogandia. Gasper alipandisha sauti, na Gaudensia akasema amesahau. Sara akasema, "Basi, wifi, ni wadudu tu." Afadhali angemtukana.

Jumamosi Gaudensia aliondoka alfajiri kwenda Mwigobero, Sara akiwa tayari ameinamia meza na sindano yake ya kushonea. Siku hiyo Gaudensia aliuza bila kupiga kelele. Mchana alifunga biashara akarudi kuiona aibu ya mwenzake kwa macho yake.

Alikuta watu wamejaa, na wote wameinama upande wa chini wa meza. Kwenye mto wake wa bluu mtu alikuwa ameweka chupa ya soda. Mzee Magige wa Butiama, dereva mstaafu na mchezaji wao mkubwa, alikuwa amepandisha miwani kwenye paji la uso.

"Hawa ndege mmewatoa wapi?"

Gaudensia alijipenyeza. Sara alikuwa amewang'oa wadudu karibu wote kwa sindano, mmojammoja. Wachache aliwaacha. Watatu pale ng'ombe wanaponywea, mmoja peke yake kwenye fungu la mchanga, wengine wametawanyika majini, mabawa nusu wazi. Ukisimamisha askari wa risasi karibu nao, hawakuwa wadudu tena. Walikuwa ndege wa mtoni wanaotaka kuruka.

Gasper alifungua mdomo kujisifia mke. Sara akamwahi. "Ndege ni kazi ya wifi yangu. Mimi nilitengeneza maji tu. Jana jioni yeye ndiye aliyewaita."

Watu wakageuka. Mzee Magige alimpa Gaudensia mikono yote miwili. "Mama, sisi kule tunahangaika na manyoya ya kuku. Wewe unawawekaga vipi?"

Gaudensia alimtazama Sara, na Sara alikuwa anamtazama, hacheki, hanuni.

"Taa," Gaudensia alisema. "Unaacha wazi, unawasha taa."

Watu wakacheka. Mzee Magige akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa siri ya kazi bure. Gasper peke yake hakucheka. Alimwangalia dada yake, akaangalia chandarua kilichokunjwa kwenye kiti, akaanza kupanga askari.

Sara alisogeza benchi. "Kaa hapa, wifi, utaona vizuri."

Gaudensia akakaa. Hata kusamehe, alijiambia, huyu msichana ananishinda. Akanyoosha mkono, akaitoa ile chupa ya soda kwenye mto wake, na kwa ncha ya kitenge akaanza kufuta duara lililoachwa juu ya bluu.