Grupu la Mvua Tu

Grupu nililianzisha mimi, nikalipa jina ambalo ni amri: Mvua Tu. Wifi yangu anaishi Kalemela, kando ya ziwa. Mjomba wangu anafuga Bukundi, mwisho mwingine wa mkoa. Mimi nalima pamba nje kidogo ya Bariadi. Tulitaka kuambiana kwa simu mvua imeshuka wapi, basi. Majirani wakaomba kuingia, nao wakaleta majirani zao, na kabla msimu haujafika grupu likawa gulio. Huyu anauza kuku, yule anabishania mpira, na kila asubuhi mwalimu mmoja, mgeni wetu kutoka Kilimanjaro, anatuma sala zenye picha za maua.

Nikaanza kufuta. Mwalimu akanipigia.

"Dada, umefuta sala yangu."

"Nimeifuta, mwalimu. Sala siikatai. Ila mjomba wangu kule Bukundi akiwasha simu, bando linaishia kwenye maua kabla hajajua mvua iko wapi. Naye anafikiria kuhamisha ng'ombe."

Nikaogopa nimemuudhi, maana ndiye aliyemfundisha mwanangu kusoma.

"Watu wanataka kuongea, dada," akasema. "Ukiwaziba watapasuka. Nitafungua grupu lingine, waje kwangu."

Akalifungua siku ileile, akaliita Kijiweni. Kuku, mpira na maua vikahamia huko. Kwangu kukawa kimya hadi nikadhani grupu limekufa. Jua likazidi kuwaka, mbegu zangu ziko kwenye mfuko. Asubuhi moja mjomba akatusalimia kwa lugha ya kwetu, akaandika: "Mwangaluka. Huku majani yamekwisha. Kesho nahama na ng'ombe."

Mchana wake wifi akaandika kutoka Kalemela: "Ziwa limekuwa jeusi. Upepo mkali." Baada ya muda mfupi: "Inanyesha. Bati linapiga kelele, siwasikii watoto."

Nilikuwa shambani. Nikatupa jembe, nikaikumbatia simu kwa mikono miwili. Mwenye duka wa Lamadi akaandika kwamba imefika kwake. Kisha Dutwa: matone makubwa, vumbi linanukia. Mvua ilikuwa inakuja kwetu, na mimi naiona ikitembea kijiji kwa kijiji kwenye kiganja changu. Mtu mmoja akachomekea habari ya bao. Kabla sijagusa kitu, watu watatu walishamjibu: "Peleka Kijiweni." Nikacheka peke yangu katikati ya matuta.

"Imefika wapi?" akauliza mjomba.

Kabla sijamjibu, upepo ukanivua kitenge cha kichwani, na mvua ikanishukia yote kwa pamoja. Nikaandika kwa vidole vilivyolowa: "Bariadi, mjomba. Inanipiga mimi. Usihame kwanza."

Nikakimbilia nyumbani, nikakaa mlangoni nikisoma. Maswa wamelowa. Mwanhuzi, njiani kuelekea kwa mjomba, wingu limetanda. Halafu kimya, na kimya hicho kilinitesa kuliko jua lote la mwezi ule.

Jioni simu ikaita. Alikuwa mjomba.

"Mpwa wangu, sikiliza," akasema, kisha akainyoosha simu nje. Nikasikia mvua ya Bukundi, na ng'ombe wakilia ndani yake.

"Kwa hiyo kesho unahama?" nikamuuliza.

"Nihamie wapi," akajibu, "na maji yamenifuata nyumbani?"

Asubuhi nilitoa mfuko wa mbegu, nikawaita wanangu, tukaingia shambani.