Tunu Mpima Milango

Wenye nyumba wa Isevya, hapa Tabora, ni watu wa huruma sana. Waulize wenyewe, watakwambia. Hakuna hata mmoja anayemchukia mlemavu. Wanampenda mpaka wanamwombea akapate chumba kwa mwenzao. Mmoja atasema choo chake kiko mbali. Mwingine atasema mke wake mwoga. Wa tatu, na huyo nilimsikia kwa masikio yangu haya mawili, alimwambia kipofu kuwa chumba hakimfai kwa sababu dirisha linatazama ukuta.

Katikati ya huruma yote hiyo ndimo anamopita Tunu binti Uwesu, muuza asali. Si dalali, hana ofisi, wala hajaning'iniza kitambulisho shingoni. Mumewe Yahaya alipopofuka walihamishwa nyumba tano ndani ya miaka miwili, na kila walipohama Yahaya alianza upya kujifunza njia ya chooni kwa kupapasa. Yahaya alipofariki, Tunu alikuwa amekwisha kuwa bingwa wa kutafuta vyumba, ila hana tena wa kumtafutia. Akaanza kuwatafutia watu wengine.

Mlango haupimi kwa futi. Anaupima kwa makalio. Mungu alimpa, na siku ya kumpimia mizani haikuwa na hila. Akipita bila kugeuka ubavu, kiti cha magurudumu nacho kitapita. Akikwama, humwambia mwenye nyumba, "Chumba kizuri, baba, lakini wewe ulijengea nyoka." Nyumba moja huko Ng'ambo alikwama kweli, tukamtoa kwa samli na wanaume sita. Mlango ukabaki umepanuka hadi leo, na mwenye nyumba akapandisha kodi.

Tena hakuachi ukishapata chumba. Kupata ni kazi ya siku mbili, kukaa ndiyo kazi. Kila Ijumaa anawazungukia wenye nyumba na chupa ya asali, anawalainisha. Silasi asiyeona na mkewe Paskazia aliwapeleka Kipalapala, akawachagulia makusudi nyumba iliyo kando ya njia wanayopita mafrateri wa seminari. Mwenye nyumba akitaka kuwafukuza, basi awafukuze mbele ya mapadri watarajiwa.

Sasa nikupeleke kwa Nurdini, fundi viatu, ambaye hujisifu kuwa viatu vyake mwenyewe havijawahi kuisha soli. Miguu yake ilipooza utotoni. Anatembelea baiskeli ya magurudumu matatu, ile ya kupiga pedeli kwa mikono. Tunu alimpatia chumba cha mbele kwa Bi Maua, mjane wa Kizaramo. Babu wa ukoo ule alikuja na msafara toka pwani, akafika Tabora akasema atapumzika kidogo. Ukoo bado unapumzika. Bi Maua alipoona ngazi zake tatu zinamshinda mpangaji, akaita fundi, akamwaga mteremko wa saruji. Nurdini akakaa miaka minne, anaingia na baiskeli yake mpaka kitandani kama waziri.

Bi Maua akaugua. Mwanawe Adinani akarudi kutoka Dar, kumuuguza, na pia kutazama chumba cha mbele. Kumbe kinafaa sana saluni ya kike. Adinani ni mstaarabu, hakumfukuza mtu. Aliubomoa tu mteremko kwa nyundo, akasema ni ukarabati. Nurdini akawa anaiacha baiskeli nje, anapanda ngazi kwa viganja, mvua ikinyesha anapanda na matope.

"Kaka, si unaona mwenyewe hapakufai?" Adinani akamwambia. "Mimi nakuonea huruma. Mwisho wa mwezi tafuta penye nafuu."

Tunu akaenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Mwenyekiti akauliza mkataba uko wapi. Mkataba! Bi Maua alikuwa amesema "karibu mwanangu", basi. Tunu akapima milango kumi na mmoja, yote ya nyoka. Mwezi ukiisha, Nurdini angerudi Urambo kwa kaka yake, akalale kwenye bani la kukaushia tumbaku, naye akaukie humo, mbali na wateja wake wote.

Siku tatu kabla ya mwezi kwisha, Bi Maua akatutoka.

Hapa wageni husahau jambo moja. Sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani. Babu zetu walibeba mizigo hadi pwani, wakalala Uzaramo, wakala kuku wao bila kuomba, na tangu hapo hakuna kukasirikiana. Msibani ndipo mtani anapokuwa mfalme.

Wanaume walipoinua jeneza kulitoa nje, wakaikuta baiskeli imelazwa mapana chini ya ngazi, breki imefungwa. Nurdini yuko juu yake, kavaa kanzu, kakunja mikono.

"Mtani kafunga njia!" watu wakapiga kelele, na waliokuwa wanalia wakaanza kucheka.

Adinani akatoa noti ya kumpa apishe, ndiyo desturi.

"Irudishe mfukoni, mtani," Nurdini akasema. "Mimi leo sina njaa."

Mara Tunu akatokea upande wa wanawake. Kajifunga kanga za Bi Maua, kashika fimbo ya Bi Maua, kapinda mgongo, anakohoa kikohozi chake hasa. Kumwiga marehemu ni haki ya mtani, lakini huyu alipitiliza. Mimi mwenyewe nilisahau tumekuja kumzika nani, nikamuuliza sahani yangu ya maua atairudisha lini.

"Adinani!" akaita. "Mnanipeleka wapi?"

Mtoto wa marehemu lazima ajibu. "Tunakupeleka kupumzika, mama."

"Nipitie wapi? Nilimwaga saruji hapo. Iko wapi?"

"Ilikuwa ukarabati, mama." Adinani alikuwa anatabasamu kwa meno tu.

"Ukarabati! Mimi kitandani nasikia gu, gu, gu, nikadhani Izraili anabisha hodi, kumbe ni mwanangu!"

Watu wakashika mbavu. Mwanamke mmoja alicheka mpaka akaangukia sufuria ya pilau.

"Basi mimi ngazi sishuki, magoti yananiuma," Tunu akasema. "Nirudisheni ndani, nipikieni uji."

Jeneza likaanza kuwaelemea wabebaji. Sheikh Selemani akatazama saa. "Adinani, mpe mtani haki yake. Adhuhuri hiyo."

"Haya! Mteremko nitaurudisha."

"Na chumba?"

"Akae."

"Mpaka lini, mwanangu?"

"Mpaka achoke mwenyewe!"

Nurdini akafungua breki. "Pita, mama," akasema, na hapo utani ukamwisha. Alilifuata jeneza hadi makaburini akipiga pedeli na kulia kuliko watoto wa kuzaa.

Matanga yalipokwisha, Adinani alikuja na sura ya kiungwana. "Shikamoo, Bi Tunu. Yale ya juzi yalikuwa utani tu, au siyo?"

"Marahaba. Utani mtupu," Tunu akamjibu. "Tena hatujaumaliza. Arobaini ya mama tutakuja kuuendeleza, sisi wa Isevya, na ndugu zetu wa Nzega na Igunga. Wale huwa hawaachi ng'ombe nyumbani."

"Mtakaa siku ngapi?"

"Nani huuliza watani swali hilo?"

Jumamosi fundi saruji alikuwa mlangoni. Tunu naye alikuja, na karatasi.

"Karatasi ya nini tena?" Adinani akalalamika. "Si nimeahidi mbele ya maiti?"

"Ndiyo, na maiti hatakuja kutoa ushahidi."

Wakaandikiana miaka mitano kwa mwenyekiti. Nurdini akausoma mkataba kwa sauti, mara mbili, pole pole, kama anausomea mtaa mzima. Adinani akatia sahihi. Mimi, shahidi, nikatia dole gumba, na lilitoka zuri kuliko sahihi yake.

Saruji ya mteremko ikaachwa ikauke siku saba. Siku zote saba Adinani alikaa barazani na fimbo akifukuza mbuzi wasiukanyage, maana fundi alimwambia ukiharibika ataulipia upya. Siku ya nane Nurdini akaupanda kwa pedeli, akaingia chumbani na baiskeli yake, akafunga mlango kwa ndani.