Krismasi ya Viondo Vitano

Krismasi niliyotaka kuipunguza ilikuwa ya tatu tangu niolewe. Tuliishi Ruiru, kwenye nyumba za wafanyakazi wa shamba la kahawa ambako mume wangu aliendesha mashine ya kumenya buni. Binti yetu wa pili alikuwa na miezi minne. Kwetu, binti wa kwanza hupewa jina la mama wa mume na wa pili la mama wa mke, kwa hiyo huyu alikuwa na jina la mama yangu, na mama yangu alikuwa hajamwona. Mama alikaa kwa kaka yangu upande wa Ngoliba, mbele ya Thika, na siku zile za Hali ya Hatari ya serikali ya kikoloni hukutoka kwako bila kibali. Alikuwa amepata cha siku moja tu, Krismasi yenyewe. Basi la kumrudisha Thika lingepita saa kumi jioni.

Nilitaka kitu kimoja: kukaa chini na mama yangu, mtoto akiwa katikati yetu. Krismasi mbili za mwanzo nilizimaliza jikoni, macho mekundu kwa moshi, nikiwasikia wenzangu wakicheka nje. Basi nikapanga, na mpaka leo sioni kama mpango wenyewe ulikuwa mbaya. Hakuna mbuzi. Hakuna nguo mpya. Sufuria moja ya irio, ule mseto wetu wa mahindi na viazi vya kuponda, na moja ya chai, vyote tayari kabla ya kwenda kanisani. Wageni wanne mbali na mama, na kila mmoja aje na chakula kidogo ili mzigo usimlemee mtu mmoja.

"Umewaambia waje na chakula?" mume wangu aliuliza.

"Ndiyo."

"Hata mama yangu?"

"Mama yako ndiye aliyekubali wa kwanza."

Akanitazama kidogo, akachukua sabuni akaenda kuoga. Angeweza kunieleza papo hapo. Akaenda kuoga!

Nikueleze wewe, basi, ingawa mimi sikuwa na sababu ya kusahau maana nililelewa hivyo. Kwetu mwanamke akikuletea kitu ndani ya kiondo, kile kikapu chetu cha kusuka, hukirudishi kiondo kitupu. Unatia chochote, lakini unatia. Tena hakuna anayebeba chakula kilichopikwa kwenda nyumbani kwa mtu. Ni kama kumwambia mwenye nyumba kwamba hujui kama utalishwa. Kwa hiyo mimi, katika kutaka kupunguza kazi, nilikuwa nimewaalika wanawake wanne waniletee vyakula vibichi, kisha niwapikie cha kwenda nacho.

Mama mkwe alifika na ndizi mbichi. Wifi mkubwa, njahi kavu, zile kunde nyeusi za kuchemka nusu siku. Wifi mdogo, mayai. Jirani, mahindi ya kupukuchua. Mama yangu akashuka kwenye basi na kiondo cha mbaazi, vumbi la Ngoliba hadi kwenye nyusi. Viondo vitano vikapangwa mlangoni kwangu kama watoto wanaosubiri uji.

"Irio ni hii tu?" mama mkwe aliuliza, akifunua sufuria.

"Ni hii tu, mama. Mwaka huu tunapumzika."

"Aa. Tunapumzika," akawaambia binti zake, nao wakachekea kwenye leso.

Nilikanda unga wa ngano. Kila mgeni chapati nne, ndivyo nilivyoamua, na karai langu lilichukua moja moja. Nje, mtoto alipita kwenye mikono ya wifi, ya jirani, ya mama mkwe, akarudi kwa wifi. Mama yangu alikaa mwisho wa benchi akingoja zamu yake kwa heshima zote, kwa kuwa yeye ndiye mgeni wa mbali. Nilimwona kupitia mlangoni kila nilipogeuza chapati. Mchana ulikuwa unakwisha.

Saa nane na nusu akaingia jikoni.

"Unapika nini tena? Watu wameshiba."

"Za viondo, mama."

Alitazama unga, akatazama karai, akatoka hadi mlangoni kufunua viondo kimoja kimoja.

"Ndizi za huyu mtie kwa yule. Mayai ya yule mtie kwa huyu. Mahindi wagawie wote."

"Mama! Watajua!"

"Wajue. Kuna aliyesema chapati?"

"Ni aibu."

"Aibu ni mimi kuamka saa kumi usiku nije kutazama mgongo wako."

Tukagawa. Nilitia haraka haraka kama mwizi. Wageni walipoaga, wifi mkubwa alichungulia kiondo chake, akasema kwa sauti, "Haiya, ndizi za mama zimenifuata!" Wakaondoka wakicheka njia nzima, na hakuna aliyekasirika. Saa tatu nzima nilizokaa mbele ya moshi, bure kabisa. Ukiwahi kupanga Krismasi ndogo, usife moyo, inawezekana. Lakini wasikilize kwanza watu wako wakikucheka.

Ilibaki saa moja. Nilitandika mkeka kwenye kivuli cha ukuta, mama akampakata mtoto hatimaye, nami nikakaa, nikanyoosha miguu, nikaegemea ukuta nikitafuta pa kuanzia.

Nilipofumbua macho mama alikuwa amesimama, kitambaa kimefungwa kichwani, mtoto mgongoni mwake.

"Kwa nini hukuniamsha?" Nilikuwa karibu kulia kwa hasira.

"Ulikuwa unakoroma. Mwenzangu huyu alikuwa anakushangaa."

Twende, twende, basi. Tulikwenda mbio kati ya mistari ya kahawa, mimi nikiuliza habari za miaka mitatu na yeye akijibu kwa pumzi fupi: goti linauma, kaka yako mzima, mvua hakuna. Basi lilikuwa limeshasimama barabarani. Alimfungua mtoto, aliyekwisha kulala mgongoni, akanipa.

"Huyu sasa namjua," alisema, mguu mmoja kwenye ngazi. "Wewe nitakuja kukuona siku huna wageni."

Kondakta akapiga ubavu wa basi. Nikabaki pale na maswali yangu yote, nimekasirika naye, nimekasirika na mimi, na mtoto akinukia mama yangu.