Daftari la marehemu mdogo wangu, na habari iliyotoka kwa jina lake wiki moja baada ya kumzika

Wakuu, nawasalimu wote.

Jumanne, tarehe 20 mwezi wa tano mwaka jana, nilimpoteza mdogo wangu Fanuel. Homa ya uti wa mgongo. Aliingia hospitali Jumapili asubuhi akitembea kwa miguu yake, Jumanne hatukuwa naye.

Nimeishia darasa la saba, kwa hiyo mtanisamehe uandishi. Ila nitakayosema ndivyo yalivyokuwa, hata pale yanaponiumiza mwenyewe.

Niko Johannesburg mwaka wa tisa. Napiga pasi kwenye duka la kufulia nguo Hillbrow. Naishi Joubert Park, chumba nagawana na Mama Divine, Mkongo wa Uvira anayeuza samaki wakavu.

Fanuel alikuwa anasoma chuo kimoja kidogo hapa mjini, jina naliacha. Kidogo kweli, wanafunzi wote wanakula kwenye ukumbi mmoja. Wanasoma historia, falsafa, fasihi. Nikimuuliza vitampa kazi gani, anacheka.

Kilichomshika hasa ni gazeti la wanafunzi. Kurasa nane, linatoka kila baada ya wiki mbili. Jumapili akija kula kwetu anakuja na daftari lake jeusi, anaandika huku anatafuna.

"Fanu, unatuandika sisi?" Mama Divine anamuuliza.

"Nakuandika wewe na samaki wako, Mama. Siku moja nitakufichua."

Aliandika kwa Kiswahili. Aliniambia mwenzake wa chumba hostel ni mtu wa kuchungulia, na hapo chuoni hakuna mwingine anayejua lugha yetu. Kumbukeni hilo, ndipo tatizo lilipoanzia.

Tulimzika hapa hapa. Wiki moja baadaye msichana wa darasa lake akanitumia picha kwenye WhatsApp. Ukurasa wa kwanza wa gazeti lao, habari kubwa, na chini yake jina la Fanuel.

Habari ilisema mpishi mkuu, mama wanayemwita Mam' Thoko, kila siku alasiri anatoa makopo ya chakula kupitia geti la nyuma, wakati wanafunzi walio mwisho wa foleni wanakosa. Karibu na mwisho kulikuwa na sentensi hii: alipoulizwa, Mam' Thoko alikataa kusema lolote.

Niliisoma tena. Mtu yuko kaburini wiki nzima, halafu anatoa habari ya kumchafua mtu?

Nikajiambia wameandika wenyewe. Wamemtafuta asiyeweza kukana wakambandikia.

Siku mbili baadaye nikapigiwa simu na namba nisiyoijua. Msichana, akasema anaitwa Refilwe, ndiye editor wa gazeti. Mam' Thoko amesimamishwa kazi, analalamika ameonewa, chuo kinataka ushahidi. Je, ninalo daftari la Fanuel?

Lilikuwa kati ya vitu vyake nilivyopewa hospitali, ila nikasema nitaangalia.

Siku hiyo hiyo akapiga mwanaume wa ofisi ya chuo. Mpole kupita kiasi. Pole nyingi, halafu naye daftari. Akasema nisihangaike, atatuma gari lije kulichukua.

Wakuu, tangu lini chuo kikatuma gari kufuata daftari?

Mama Divine, ambaye huniita yaya, yaani dada, alikuwa anasikiliza. "Usibapatie hata karatasi moja, yaya. Bote babili banatafuta mutu wa kubebesha. Mwenye kufa hana mudomo."

Nilimwamini. Nikalipeleka daftari kazini, nikalificha kwenye mfuko wa mablanketi ambayo mwenyewe hajaja kuyachukua. Hata sikulifungua. Niliogopa mwandiko wake.

Alhamisi Refilwe akaja dukani mwenyewe. Binti mwembamba, begi mgongoni. Nikaendelea kupiga pasi. Nilimwona anaangalia rafu zangu, nikasogea nikakaa mbele ya ule mfuko.

"Sis' Leah," akaniambia kwa Kiingereza, "kwetu habari haitoki mpaka mtu wa pili asome daftari la mwandishi, alinganishe. Ya Fanuel hatukulinganisha. Hakuna aliyeweza kulisoma daftari lake. Tulimwamini."

"Nani aliongeza maneno?"

"Hakuna aliyeongeza."

"Mtu alikuwa hospitali."

"Aliituma kabla. Jumamosi."

"Basi umeshapata jibu, mwanangu. Niache nifanye kazi."

Akasema, "Eish, sharp, Sis' Leah," yaani haya, sawa, kwa sauti ya chini, akaondoka. Sikumwamini hata kidogo. Mtu mkweli haangalii rafu za watu.

Kesho yake saa ya chakula nikalitoa daftari.

Mdogo wangu alikuwa makini. Siku, saa, makopo mangapi, nani amebeba. Kurasa nne za geti la nyuma peke yake. Ukurasa wa mwisho ulioandikwa ulikuwa na mstari mmoja: "Mam' Thoko sijamuuliza bado. Jumatatu lazima."

Jumatatu alikuwa kitandani hospitali hajitambui.

Nitasema ukweli, nilifurahi. Kwa mara ya kwanza tangu msiba nilisikia kitu kama furaha. Nimewakamata. Sentensi ile ya "alipoulizwa" Fanuel hakuiandika, ni Refilwe.

Jumamosi nikaenda chuoni na daftari ndani ya blauzi. Chumba cha gazeti kiko nyuma ya maktaba, kompyuta mbili na sofa limechanika. Refilwe alikuwa peke yake. Nikamsomea mstari ule kwa Kiswahili, halafu kwa Kiingereza changu cha kuungaunga.

Alivuta kiti. Akafungua email kwenye kompyuta, akanigeuzia. Barua ya Fanuel ya Jumamosi jioni, na habari yake ndani. Nasoma Kiingereza polepole, lakini ile sentensi niliiona. Ilikuwepo.

"Umeibadilisha," nikamwambia.

"Siwezi kubadilisha kitu alichotuma yeye."

Sasa, simu ya Fanuel nilikuwa nayo mimi, tangu hospitali waliponipa nguo zake. Hakuna mtu mwingine aliyeishika. Nikaitoa kwenye mkoba, nikaiwasha mbele yake, nikaingia kwenye barua alizotuma.

Sentensi ni ile ile. Neno kwa neno. Saa ni ile ile.

Wakuu, nilimshuku Refilwe. Nilimshuku mtu wa ofisi, mpaka na yule msichana aliyenitumia picha. Mtu pekee ambaye sikumshuku ni Fanuel.

Refilwe hakunicheka. Alisema, "Wengi wetu tunafanya hivyo. Unaandika kwanza kwamba amekataa kusema. Ukimpata kabla gazeti halijachapwa, unafuta." Halafu akasema kitu kingine, anaangalia sakafu: "Ukurasa huo wa mwisho, hapa hakuna mwingine anayeweza kuusoma."

Mpaka leo sijui alikuwa ananiomba au alikuwa anasema tu.

Ofisi ilitaka mtu awasomee daftari Jumatatu. Mtu huyo ni mimi. Usiku na mchana wa Jumapili nilijua kwamba ningeweza kusema "nimemuuliza, amekataa", na hakuna ambaye angejua. Mdogo wangu angebaki safi. Mam' Thoko angepoteza kazi.

Nilisoma kilichoandikwa. "Sijamuuliza bado." Yule mwanaume mpole akanitaka nirudie, nikarudia, akaandika. Nikatia saini.

Mam' Thoko naye aliitwa. Akaeleza makopo yale ni masalia baada ya foleni kufungwa, anawapelekea walinzi wa getini ambao hawaruhusiwi kula ukumbini. Wanaokosa wanakosa kwa sababu chakula kinacholetwa jikoni hakitoshi, na hilo alishaliandikia ofisi. Walinzi wakaulizwa, wakasema hivyo hivyo. Alirudishwa kazini wiki ile.

Gazeti lililofuata likasahihisha, ukurasa wa kwanza. Liliandika kwamba Fanuel hakumuuliza Mam' Thoko, na kwamba gazeti nalo halikukagua. Jina lake kamili, na langu kama msomaji wa daftari.

Mama Divine alipojua nilichosoma, hakuniongelesha siku tano. Siku ya sita akaniambia, "Umemuzika mara mbili, yaya."

Nilichojifunza ni kidogo. Msiba unakupa macho makali ya kuwaangalia wengine, ila uliyempoteza huwezi kumwangalia. Yote aliyoyaona Fanuel kwa macho yake yalikuwa kweli, makopo, saa, geti. Alibakiza swali moja, akaandika jibu lake kabla ya kuuliza.

Mliofanya kazi za habari humu, niambieni kama kweli ndivyo mnavyofanya. Na wenye ndugu waliotangulia, je, ningenyamaza? Semeni bila kunionea huruma.

Mwezi wa sita mwishoni nilikwenda jikoni kwa Mam' Thoko, peke yangu, kuomba msamaha. Alikuwa anamenya boga, hakuacha. Akaniuliza Jumatatu ile Fanuel angekuja saa ngapi. Nikasema sijui.

"Nilikuwepo kutwa nzima," akasema. "Angeniuliza tu, ningemwambia."

Akafuta mikono, akasema jina amelisoma gazetini lakini sura hajaijua ni yupi kati ya wale watoto. Nikamwonyesha picha kwenye simu. Aliichukua simu, akaisogeza karibu na macho.

"Ah. Ni huyu? Huyu alikuwa hataki maharage."

Akanirudishia simu, akachukua kisu.