Baibui Langu Lilipoitwa Shahidi

Chekeni sasa hivi mmalize, maana nikifika katikati sitavumilia. Mimi ndiye yule dada aliyeitoa hoteli nzima ya Jeddah nje kwa moshi wa udi, na siku hiyohiyo akasimama kuutetea mti wa udi.

Ofisi yetu ya sheria ya Riyadh, pale Olaya, ilitupeleka Jeddah kufanya kesi ya mazoezi: nchi ya kubuni imezuia mzigo wa udi usio na kibali, kwa sababu mkataba wa mazingira unaulinda mti huo, na nchi jirani inalalamika kwamba kanuni za biashara za dunia zimevunjwa. Kipi kishinde? Mimi nilipewa upande wa mti, na Mutua, Mkamba wa Machakos mwenye ulimi kama wembe, akapewa biashara. Bosi alishasema mshindi ndiye atakayehamia ofisi ya Jeddah, na mimi Jeddah niliitaka kwa roho yote (vumbi la Riyadh limenikausha mpaka ndoto).

Asubuhi baibui langu likawa linanuka samaki wa jana. Sasa mimi mtoto wa Mombasa, mbele za watu siendi bila kufukiza nguo, basi nikachomeka chetezo cha umeme, nikatia kijipande cha udi nilichonunua soko la Balad (muuzaji nilimuuliza kibali, kwa kujishaua tu, akajibu, "Mafi kibali, yalla, nusa," yaani hakuna kibali, haya nusa), nikatandaza baibui juu, nikaenda kuirudia hotuba yangu mbele ya kioo, nikaipenda, nikairudia tena, na hapo kengele ya moto ikalia.

Nikajitupia baibui, nikashuka ngazi na wenzangu. Huko nje, kati ya wageni wenye mapovu ya sabuni kichwani, ndipo nilipogundua nimekumbatia chetezo.

"Dada, umekuja kutuombea dua?" Mutua akauliza.

"Nyamaza, ndugu yangu."

Akanyamaza kweli. Hapo ndipo nilipopaswa kushtuka.

Kikaoni niliwaka. Nilisema msitu hauna mdomo, leo mdomo wake ni mimi. Nilisema asiyekuwa na kibali azuiliwe, hata kama mzigo wake haufiki urefu wa kidole. Mwenyekiti, Daktari Nawal, mwanasheria Msaudi asiyetabasamu ovyo, alikuwa akiandika kila neno. Mutua akainuka polepole.

"Mwenyekiti, naomba kumwita shahidi. Baibui la dada."

Ukumbi mzima ukanusa.

"Kibali kiko wapi?" Daktari Nawal akaniuliza.

"Ni kijipande tu, Daktari."

"Kinafika kidole?"

Kilichosalia kwenye chetezo nilikuwa nimekitia mkobani; nikakitoa, nikakiweka mezani. Hakikufika. Akaamua kwamba mkataba una haki ya kuulinda mti, na biashara haiwezi kuupinga, ila ukiwazuia wa nje huku wa nyumbani kwako, kama mwenye baibui hili, unawaachia, hapo huulindi mti, unapendelea watu wako. Nikashindwa kwa sheria, mbele ya bosi, nikinukia vizuri kuliko wote.

Mutua yuko Jeddah. Hunitumia picha za bahari, chini ameandika neno moja tu: "Kibali?" Mimi nipo palepale Riyadh, mtaa wa Malaz, chetezo nimekifungia kabatini, na nimeapa kwamba siku nitakayoitwa tena kuutetea mti, nitakwenda nikinuka samaki.