Kitenge cha Mama Léoncie na Pembe Nne

Vita vya mwaka tisini na sita vilimkuta Générose darasani kule Uvira, mashariki ya Kongo, katikati ya somo la hesabu. Mwalimu alikuwa ameandika ubaoni mlinganyo wa kipeo cha pili, akageuka awaeleze wanafunzi ile x iliyobeba kijimbili kichwani ina kazi gani. Hakupata kueleza. Milio ilianza upande wa milimani, wanafunzi wakatoka mbio kila mmoja na njia yake, na daftari la Générose likabaki juu ya dawati.

Alivuka ziwa na shangazi yake, wakakaa Kigoma miaka mitatu, na huko ndiko alikojifunza kushona. Kwa hiyo alipofika Dzaleka, kambi ya wakimbizi kule Malawi, hakukaa ameshika tama. Kanisa lilimpatia cherehani ya miguu, akaiweka kwenye kibaraza cha nyumba yake ya matofali mabichi, na haukupita mwaka kabla jina lake halijavuma. Wanakwaya walimjia, wachungaji walimjia, hata Wamalawi wa vijiji vya jirani walimletea sare za shule. Mkono wake ulikuwa mwepesi, na ulimi mwepesi zaidi; ukikaa naye saa moja ulitoka mbavu zinauma kwa kicheko.

Mwaka 2002, mwezi wa saba, baridi ikiuma kweli, alikuja Mama Léoncie kutoka Lilongwe. Huyu alikuwa mwenyeji wa Fizi aliyekuwa na meza yake ya ndagala, wale dagaa wa ziwani, katika soko la Kawale, na binti yake Arlène alikuwa anaolewa. Alitoa mfukoni kitenge cha kijani chenye ndege wa manjano, kingo zake zimechakaa.

"Hii ilikuwa ya mama yangu," alisema kwa Kiswahili cha kwao, kile cha kusema "njo" badala ya "ndiyo". "Njo kitu moja tu tulitoka nayo Fizi. Yeye alibakia njiani, kitenge ikafika. Mi nataka ikae mbele ya batu siku ya ndoa."

Alichotaka kilikuwa kitambaa cha meza ya maharusi. Meza ilikuwa na urefu wa mita mbili na sentimita ishirini, upana mita moja. Kitambaa cheupe kifunike juu, na kitenge kining'inie kuizunguka meza yote, upana ule ule kila upande, na kikitandazwa chini kiwe mstatili mmoja wenye pembe zake zote.

"Na usiniachie hata kipande, dada," Mama Léoncie aliongeza. "Sitaki kipande ya mama ibaki kwa mufuko. Wala usiongeze kitenge ingine."

Générose alikubali pale pale, kama kawaida yake. Mgeni alipoondoka, alikata nyuzi zilizochakaa, akapima. Kilibaki kitenge cha mita nne kwa sentimita themanini. Akapiga hesabu ya haraka: kuizunguka meza ni mita sita na sentimita arobaini, kitenge, ukizidisha urefu kwa upana, ni mita za mraba tatu nukta mbili. Gawanya, unapata nusu mita. Rahisi.

Bahati nzuri alikuwa na desturi ya kuchora uani kabla ya kugusa mkasi. Alichukua kijiti, akachora meza, akachora mapindo manne ya nusu mita, kila moja kwenye upande wake. Akasimama kuangalia. Kitenge chote kilikwisha, na kila pembe ilikuwa na shimo la mraba, kama mdomo uliong'oka meno. Meza yake ilikuwa na pembe nne tupu na hakuna hata uzi wa kuzijaza.

Alitupa kijiti akaenda sokoni kununua nyanya, maana alikuwa hana hamu ya kitu kingine.

Aliyekuwa akimuuzia nyanya siku zote ni Mama Mukarutesi, Mnyarwanda wa miaka hamsini hivi aliyepitia Kongo kabla ya kufika kambini. Alikuwa mtu wa maneno machache. Générose alimweleza masaibu yake kwa sababu tu hakuweza kununua nyanya bila kusema jambo. Mama Mukarutesi alisikiliza, akaweka chini fungu alilokuwa akilipanga.

"Hizo pembe," aliuliza, "kila moja iko na ukubwa gani?"

"Nitajuaje, Mama? Upana wenyewe sijui."

"Kitu haukijui, unakipa jina."

Neno lilimtoka Générose taratibu, kama jina la rafiki wa zamani. "X."

"Aya. Na pembe iko na x ngapi?"

"X huku, x huku..." Akakatiza. Akainama, akachora pembe moja chini kwa kidole, akaitazama. "X mara x. Mama, njo ile kijimbili. Kumbe ni pembe."

Mama Mukarutesi alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane. "Nimefundisha hesabu miaka kumi na nne kule Butare," alisema. "Tangu nifike hapa, mutu haniulizi kitu ila bei ya nyanya."

Alisogeza mafungu yake pembeni, wakachuchumaa wote wawili juu ya udongo. Aliagiza wapime kwa desimeta, ili namba zisiburute mikia. Pande nne za meza, jumla desimeta sitini na nne, kila moja ikipewa pindo la upana x: hiyo ni x sitini na nne. Pembe nne: x mara x, mara nne. Vyote pamoja sharti viwe mia tatu na ishirini, yaani kitenge chote bila salio. Wakagawa kila kitu kwa nne. Ikabaki x mara x, ongeza x kumi na sita, sawa na themanini.

"Sasa nusu ya kumi na sita ni nane, nane mara nane sitini na nne; pande zote mbili za mlinganyo tuzipe hiyo," alisema Mama Mukarutesi. "Hii ya kushoto inakuwa mraba kamili, x na nane, yenyewe kwa yenyewe. Ya kulia?"

"Mia moja arobaini na nne."

"Namba gani inajizidisha inatoa hiyo?"

"Kumi na mbili. Basi x ni nne." Générose alishika kichwa. "Sentimita arobaini."

"Iko jibu ingine pia. Kasoro kumi na mbili nayo inajizidisha vile vile. Hapo x ni kasoro ishirini."

"Pindo ya kasoro mita mbili? Hiyo nitamushonea adui yangu."

Walicheka hadi mteja aliyekuwa akisubiri nyanya akauliza muuzaji ni nani siku hiyo.

Générose alikipasua kitenge katikati kwa urefu, akapata mikanda miwili ya sentimita arobaini, kila mmoja mita nne. Kila mkanda akaukata mita tatu na mita moja: mirefu ya pande ndefu pamoja na pembe zake, mifupi ya pande fupi. Alikutanisha kingo na kuzifunika kwa utepe mweupe, kitenge kisiliwe na mshono. Alipomaliza, alitafuta salio chini ya cherehani akakuta vumbi tu.

Jumamosi ya harusi, Mama Léoncie alisisitiza mwalimu wa nyanya naye aje Kawale. Meza ilikuwa uani, chini ya turubai. Mama Léoncie aliizunguka polepole, akipitisha kiganja juu ya ndege wa manjano, pembe hadi pembe. Alipomaliza mzunguko alikuwa analia na kucheka kwa pamoja.

"Mama yangu yuko hapa yote," alisema, akashukuru kwa Kichewa. "Zikomo, dada. Zikomo, Mama."

Kisha akamshika Mama Mukarutesi mkono akamwingiza kwenye ngoma, na yule mama wa maneno machache akacheza mpaka viatu akavivua.

Habari zilifika Dzaleka kabla yao. Juma lililofuata, mafundi cherehani wawili walimjia Générose na hesabu zao, naye akawapeleka sokoni. Mafungu ya nyanya yakawa yanakanyagwa. Ndipo mchungaji akawapa chumba cha kanisa alasiri tatu kwa wiki, na mlango mkuukuu uliopakwa rangi nyeusi uwe ubao.

Siku ya kwanza walikuja wanawake kumi na mmoja. Mama Mukarutesi alisimama mbele akiwa na chaki mkononi, akaigeuzageuza hadi Générose, aliyekuwa benchi la mbele na daftari jipya, akaogopa kwamba ataondoka. Lakini mwalimu alisafisha koo, akawatazama mmoja mmoja.

"Mamy," alimwita mwanamke aliyekuwa akifyatua matofali karibu na barabara ya Dowa, "wewe unataka kujua nini?"

"Mi niko na shamba la mboga, ukuta wa nyumba uko upande moja," Mamy alisema kwa aibu. "Fito ziko za uzio wa mita ishirini tu. Nataka kuzungusha zile pande tatu, mboga ziingie mingi kabisa."

Mama Mukarutesi aligeukia ubao na kuchora ukuta. Mabenchi yote yakasogea mbele.